Koti la mwezi wa sita: baridi ya Lubumbashi na historia ya mavazi yake

 Ninyi mliofika mjini kwetu mwaka huu mkikimbia vita, habari hii ni yenu kwanza.

Juzi, saa kumi na mbili kasoro za asubuhi, nilimkuta mama mmoja amesimama kwenye kona ya barabara, watoto watatu wamejifunika kitenge kimoja. Pumzi zao zilikuwa zinatoka kama moshi. Tulisalimiana. Aliniambia ametoka upande wa Kalemie, amefika kwa ndugu ya mume wake. Halafu akaniuliza: “Baba, hii baridi ya kwenu inaisha siku gani?”

Nilimjibu mwezi wa nane. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole.

Mama huyo hana kosa kushangaa. Kalemie iko ukingoni mwa ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe linatunza joto usiku. Manono na Kongolo ni joto karibu mwaka mzima. Mtu wa kule akisikia “Katanga” anafikiri ni jua tu. Lakini Lubumbashi imekaa juu ya tambarare yenye urefu wa zaidi ya mita 1,200, tena mbali kusini. Mwezi wa sita na wa saba jua limekwenda kaskazini, mbingu hazina wingu hata moja, na usiku joto lote la udongo linapanda juu na kupotea. Upepo wa kusini-mashariki unamalizia kazi. Mchana unaweza kuvaa shati, lakini alfajiri vipimo vinashuka chini ya digrii 10, na kuna usiku vinashuka zaidi ya hapo.

Nikarudi nyumbani nikiwaza: mji huu una zaidi ya miaka mia moja, na kila mwaka unapata wageni ambao hawakuambiwa habari ya baridi. Waliotutangulia walivaa nini? Na leo, mtu mwenye pesa kidogo achague koti gani? Nimeuliza wazee, nimezunguka sokoni, nimefungua vitabu. Haya ndiyo niliyopata.

Mji uliozaliwa na blanketi moja

Reli kutoka kusini ilifika hapa Septemba 1910, ikipitia Sakania. Mwaka huohuo Wabelgiji walipima barabara za mji wakauita Elisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa tangu 1906, na shaba ya kwanza ya tanuru la Lubumbashi ilimiminwa tarehe 30 Juni 1911. Angalieni tarehe hiyo: ni katikati ya baridi yenyewe. Waliokuwa wanasukuma makaa na mawe usiku ule walikuwa na moto mbele na baridi mgongoni.

Wafanyakazi wale hawakuwa watu wa hapa peke yao. Mwaka 1910 iliundwa ofisi ya kuandika watu kazi, Bourse du Travail du Katanga, ambayo ilituma watu wake vijijini kutafuta vijana. Wengine walitoka Luapula na ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule. Wengine walitoka Lomami na Kasai, na baada ya 1925 wakaja wengine kutoka Rwanda na Burundi. Walitembea majuma, wakafika wamechoka, wakalala katika vibanda vya nyasi. Kati ya vitu vichache ambavyo mfanyakazi mpya alipewa, pamoja na posho ya unga, kilikuwemo blanketi. Kwa watu wengi hilo ndilo lilikuwa koti lao la kwanza. Usiku ni shuka, asubuhi linazungushwa mabegani mpaka kazini.

Blanketi moja halikutosha. Miaka ile ya kwanza vifo kambini vilikuwa vingi sana, na ugonjwa wa mapafu ulikuwa kati ya wauaji wakubwa, pamoja na kuhara na homa ya matumbo. Mwisho wa 1918 ikaja ile mafua kubwa ya dunia nzima, ikapanda treni kutoka kusini, ikaingia mjini. Baridi peke yake haiui mtu mzima mwenye nguvu. Lakini mtu aliyechoka, aliyekula vibaya, anayelala na wenzake kumi katika chumba kimoja chenye unyevu, baridi inamfungulia ugonjwa mlango. Jambo hilo tulikumbuke, maana nitalirudia.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadili njia. Iliona kwamba kumtafuta mtu mpya kila miezi sita ni hasara, afadhali kumweka pamoja na mke na watoto. Hapo kambi zikapata nyumba za matofali, hospitali na masomo. Masista na mabibi wa Kizungu wakafundisha wanawake kushona na kufuma kwa sindano mbili. Baadaye foyers sociaux za mjini zikaendelea na kazi hiyo. Bibi zetu wengi walijifunza huko kufuma triko na kofia za watoto. Mkienda leo kwa wazee wa Kamalondo au Kenya, bado mtakuta mama anayefuma mlangoni mwa lupango mwezi wa tano, kabla baridi haijaingia. Mkono ule una historia.

Nao waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu walikuwa na koti la namna nyingine: koti la bwana. Lilipochakaa viwiko, lilimshukia mpishi au boi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu habari za mji huu jinsi walivyoziona wao waliofanya kazi katika nyumba hizo, kitabu kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ninakitaja kwa sababu kinatukumbusha kwamba mji una historia mbili, ile ya anayetoa koti na ile ya anayelipokea.

Askari wetu katika mvua ya Abisinia

Kuna wakubwa wengine wa Kongo waliojifunza thamani ya koti mbali na nyumbani. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipelekwa Abisinia, yaani Ethiopia, kupigana na Waitalia. Walichukua Asosa na Gambela mwezi wa tatu, kisha wakapanda mlimani mpaka Saio, ambako Waitalia walisalimu amri mwezi wa saba. Jina la Gambela tunalo mpaka leo katika mitaa yetu. Ila hatusemi mara nyingi kwamba kule juu majira ya mvua yalikuwa yameanza, barabara zimekuwa tope, chakula hakipiti, na askari wanalala wameloa.

Baridi ile ni tofauti na yetu, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuchagua koti. Baridi ya Lubumbashi ni kavu. Inakuja wakati hakuna mvua kabisa. Baridi ya milimani, kama ya Saio, ya Masisi au ya Lubero, inakuja pamoja na maji. Nguo iliyoloa inanyang'anya mwili joto upesi sana, hata pale ambapo hewa si baridi kali. Ndiyo maana mtu wa Goma na mtu wa Lubumbashi wakiingia soko moja hawatafuti koti moja.

Koti lisilopitisha maji, na deni lake kwetu

Hapa historia inageuka na kutuangalia usoni.

Mwaka 1823 Mskoti mmoja, Charles Macintosh, alipata hati ya serikali kwa uvumbuzi wake. Aliyeyusha mpira wa miti, akaupaka katikati ya vitambaa viwili, maji yakashindwa kupita. Mpira wake wa kwanza ulitoka Amerika ya Kusini. Koti lile lilikuwa zito, linanuka, na linagandisha baridi na kulainika juani, lakini Wazungu walilipenda kwa sababu kwao mvua na baridi ni ndugu.

Baadaye, tangu 1888, ikaja tairi ya hewa ya baiskeli, kisha motokari, na dunia nzima ikataka mpira. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa ameshika Kongo tangu 1885. Watu wa Equateur na sehemu nyingine za msitu walilazimishwa kukata kamba za msituni na kuleta utomvu, na asiyefikisha uzito alipigwa, mke wake alifungwa, wengine waliuawa au walikatwa mikono. Mambo hayo yalijulikana ulimwenguni, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi, ikawa koloni ya Ubelgiji. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Waasia walipokatika na Japani, Wakongo walirudishwa tena msituni kutafuta mpira.

Sehemu kubwa ya mpira huo ilikwenda kwenye tairi. Lakini ulikwenda pia kwenye viatu vya mvua na makoti. Kwa hiyo kuna Mzungu aliyepita katika mvua ya Ulaya akiwa mkavu kwa jasho la watu wasio na koti. Siandiki hivi ili tukasirike sokoni. Ninaandika ili mama anayepekua rundo la nguo kuukuu asijione kama mwombaji. Vitu vya dunia vina mizizi hapa.

Jinsi koti lilivyokuwa jepesi

Koti la joto la zamani lilikuwa la sufu, zito kama mtoto wa miaka miwili. Mabadiliko yalikuja katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1935 katika kiwanda cha DuPont, Marekani, alipatikana uzi wa nailoni. Mwaka 1936, Mmarekani Eddie Bauer alianza kutengeneza koti lililoshonwa vyumba-vyumba na kujazwa manyoya laini ya ndege, baada ya yeye mwenyewe kukaribia kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki. Mwaka 1941 Waingereza wakapata uzi wa poliesta. Mwaka 1969 Bob Gore alivuta aina ya plastiki kwa nguvu na ghafla, ikawa utando wenye vitobo vidogo sana. Tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho unapita. Utando huo uliitwa Gore-Tex. Katika miaka ya 1980, jeshi la Marekani lilitaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya, kitakachotunza joto hata kikiloa, na hapo zikatengenezwa nyuzi nyembamba za poliesta zinazojazwa ndani ya makoti mengi ya leo.

Makoti hayo yalikusudiwa watu wa theluji na wapanda milima. Hata hapa Afrika ya Mashariki yanajulikana hivyo. Pale Moshi, Tanzania, tangu 2003 kuna shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambalo linawaazima nguo za mlimani bure, kwa sababu kijana anayebeba mzigo wa mgeni mwenye koti zuri alikuwa anapanda na shati tu. Mnaona tena historia ile ya koti mbili.

Yalifikaje kwetu? Katika miaka ya 1970 vazi la heshima mjini lilikuwa abacost, na suti na tai zilikatazwa mpaka hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990. Wakati huo mfanyakazi wa Gécamines au wa reli bado alikuwa na mshahara wa kununua triko mpya dukani. Halafu mambo yakaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mwaka 1991 miji iliporwa, mishahara ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kujitolea. Nyumba nyingi za Lubumbashi zilihama kutoka dukani kwenda kwenye rundo. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Wazambia tayari walikuwa na jina lake, salaula, yaani kupekua na kuchagua. Na sisi tukajifunza kupekua.

Hawa si wakimbizi wa kwanza

Wenyeji wa Makomeno, nawaomba tukumbuke. Mwaka 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, makumi ya maelfu ya Wabaluba wa Kasai walikimbia nyumba zao katika mji huuhuu wakajipanga chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, katika vibanda vya matawi, magunia na mabati. Walikaa humo mpaka katikati ya 1962, walipopelekwa makwao kwa treni na ndege. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni majuma na miezi, na Kolwezi ni juu na baridi kuliko hapa. Wapo waliozika watoto pale kituoni. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kasai na vya Tanganyika vilisukuma watu tena. Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, Februari ikafuata Bukavu, na familia zikatawanyika Burundi, Kalemie, na nyingine zikaendelea kushuka mpaka kwetu.

Kila mara mtu anakimbia na alichokivaa. Aliyekimbia mwezi wa pili alivaa nguo za mwezi wa pili. Mwezi wa sita unamkuta hivyo.

Sasa, tuingie sokoni

Nilikaa nusu siku karibu na marundo, soko Mzee Kabila na soko la Kenya, nikaangalia wanaojua kuchagua. Na mimi mwenyewe nina somo langu. Miaka miwili nyuma nilinunua koti zuri jeusi, linang'aa, muuzaji akaapa kwamba haliingizi maji. Mvua ya kwanza ya Novemba ilinikuta juu ya pikipiki. Nilifika nyumbani nimeloa mpaka fulana, na koti limebeba maji kama sponji. Sikumlaumu muuzaji, nililaumu macho yangu. Tangu siku hiyo ninafuata mambo haya.

Kwanza, jua baridi unayoitafutia dawa. Kama unakaa hapa na unatafuta joto la mwezi wa sita mpaka wa nane, kitu kikubwa ni kuzuia upepo na kufungia hewa. Maji si shida ya majira haya, ukiondoa umande. Kama unaendesha pikipiki, unachimba, unauza mkate alfajiri au ni zamu wa usiku, upepo ndio adui wako. Kama unatarajia kurudi Kivu, au unataka koti moja litumike pia mvua za Novemba mpaka Aprili, hapo ndipo ulipe zaidi kwa lisilopitisha maji.

Pili, angalia unene na si uzito. Joto halitoki kwenye koti, linatoka mwilini mwako. Kazi ya koti ni kushika hewa isitembee. Likamate kwa viganja viwili, libane, kisha liachie. Likivimba upesi kama mkate uliobonyezwa, bado lina nguvu. Likibaki bapa, ujazo wake umekufa. Liinue kwenye mwanga: ukiona vyumba vitupu na ujazo umekusanyika chini, liache.

Tatu, soma karatasi ndogo ya ndani. Kama imeandikwa duvet kwa Kifaransa au down kwa Kiingereza, ni manyoya ya ndege. Hayo ni mepesi kabisa na yana joto sana, lakini yakiloa yanashikana madonge na joto linaisha. Kama imeandikwa polyester, ni nyuzi. Ni nzito kidogo, lakini zikiloa bado zinasaidia, na zinakauka upesi. Kwa mtoto, ambaye atakojoa na atamwagiwa maji, chagua nyuzi. Kwa nyumba isiyo na pa kuanikia, chagua nyuzi.

Nne, jaribu maji. Dondosha matone machache kwenye bega na usugue kidogo. Yakitembea kama kwenye jani la yam, kitambaa kinakataa maji. Yakizama na kuacha doa jeusi, kitambaa kinakunywa. Halafu geuza koti ndani, tafuta mishono. Koti la mvua la kweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, kwa sababu maji yanapita kwenye vitobo vya sindano. Utepe ukiwa umebanduka, au ndani panadondoka maganda meupe kama ngozi kavu, limezeeka. Hapo ndipo mimi nilikosea: nje paling'aa, ndani hapakuwa na utepe hata mmoja. Koti lisilo na utepe linaweza kuwa zuri kwa upepo, basi lilipie bei ya upepo.

Tano, zipu. Ipandishe na kuishusha mara tatu. Zipu mbovu inageuza koti kuwa blanketi. Fundi atabadilisha, lakini hesabu gharama yake kabla ya kulipa.

Sita, chukua kubwa kidogo. Nafasi ya kuvaa triko ndani ni joto la ziada. Nguo mbili za wastani zinashinda nzito moja, kwa sababu katikati yake kuna hewa. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, na unayo triko tayari, nunua kile chembamba cha kuzuia upepo uvae juu yake. Kofia na soksi za watoto zisisahaulike, ni bei ndogo.

Saba, fua kabla ya kuvaa. Sabuni kidogo, maji ya vuguvugu, anika mpaka ndani pakauke kabisa. Pasi isiguse nailoni.

Jambo moja la kuokoa maisha

Nimesema baridi inafungulia ugonjwa mlango. Kuna mlango mwingine tunaoufungua wenyewe. Usiku wa baridi watu wanaingiza mbabula ya makala ndani, wanafunga dirisha, wanalala. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na mtu haamki. Hata makala yasiyo na moshi, hata yaliyobaki mekundu kidogo, yanaua. Mbabula ilale nje. Ukiona mtu ndani amelegea, mtoe nje kwenye hewa kwanza, fungua milango, kisha mpeleke hospitali.

Na makoti haya mepesi yana shida yake: nailoni na poliesta zinayeyuka na kushika moto upesi, na zinanata kwenye ngozi. Mtoto mwenye koti la namna hiyo asikae karibu na moto. Triko la bibi, la sufu, ni salama zaidi pale.

Kwa asiye na koti kabisa: vaa nguo zote ulizo nazo, moja juu ya nyingine. Weka magazeti makavu au katoni chini ya mkeka, kwa sababu saruji inanyonya joto kuliko hewa. Mfuko wa plastiki uliokatwa pande mbili, kati ya fulana na shati, unazuia upepo kwa mtu mzima anayetembea, lakini mtoto asiwekewe plastiki, na asilale nayo mtu yeyote. Mtoto mchanga akae ngozi kwa ngozi na mama yake, kitenge na blanketi juu yao wote wawili.

Kabla sijafunga

Nilirudi kwenye kona ile siku ya tatu. Mama yule alikuwapo. Jirani mmoja wa lupango lao alikuwa ametoa makoti mawili ya watoto wake waliokua. Moja lilimfika mkubwa vizuri. La pili lilikuwa pana, na wadogo wawili walikuwa ndani yake pamoja, kila mmoja na mkono mmoja. Aliniambia bado yeye mwenyewe hana. Kisha akasema, “Mimi nitavumilia, nimeshajua ni mwezi wa nane.”

Wenyeji, fungueni makabati yenu. Koti ambalo mtoto wako hawezi tena kulifunga, lina kazi nyingine nje ya mlango wako. Litoeni sasa, wakati baridi bado ipo. Mwezi wa kumi joto litakuwa limerudi na sote tutakuwa tumesahau.

Na ninyi mliofika, msione haya kuuliza. Hata babu zetu waliojenga mji huu walifika hawana koti. Kutoka Makomeno, ni mimi mwandishi wenu. Lalani salama, na mbabula ibaki nje.